Pointi 72 na pointi 60: jinsi ya kumpima mshambuliaji chipukizi kabla ya drafti ya NHL

Ukifungua jedwali la wafungaji wa OHL, ligi ya vijana ya hoki ya barafuni ya Kanada, mwezi Machi, unakuta majina yamepangwa kwa pointi, na unajikuta unataka kuandika orodha yako kwa mpangilio huo huo. Usiandike. Drafti ya NHL, ambapo timu za ligi kuu ya Marekani na Kanada huchagua vijana kwa zamu, ina raundi 7 na timu 32, yaani nafasi kama 224 kwa vijana wa dunia nzima, na kila mwaka wapo wenye pointi za kutisha wanaomaliza siku ya pili bila kuitwa jina. Jedwali linakupa watu wa kuwatazama tu. Kupima ni kazi nyingine.

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Ili achaguliwe, kijana lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka wa drafti. Aliyezaliwa Septemba 15, 2008 anaingia drafti ya 2026. Aliyezaliwa kesho yake anasubiri 2027. Auston Matthews alizaliwa Septemba 17, 1997, akaikosa drafti ya 2015 kwa siku mbili. Akaenda Zürich kucheza na watu wazima, na 2016 akachaguliwa wa kwanza kabisa. Maana yake ni kwamba ndani ya drafti moja mna vijana waliopishana karibu mwaka mzima, na katika umri huo mwaka ni kilo kadhaa za misuli na msimu mmoja zaidi wa uzoefu. Juu ya kila ripoti andika umri kwa miaka na miezi, kisha mlinganishe kijana na wa umri wake. Pointi 80 za mtu wa miaka 19 aliyepitwa na drafti mara mbili ni habari tofauti na pointi 65 za mtoto wa Agosti, aliye kati ya wadogo kabisa wa drafti yake. Aliyepitwa asitupwe, hata hivyo: Tanner Pearson alipitwa 2010 na 2011, kisha Los Angeles wakamchukua wa 30 mwaka 2012.

Sasa zivunje pointi zenyewe. Katika hoki bao moja linaweza kutoa pointi tatu: ya mfungaji, ya aliyempa pasi, na ya aliyempa pasi huyo mpaji. Tuseme kijana wa kwanza ana pointi 72 katika mechi 68. Kati ya hizo, 31 zilipatikana mpinzani akiwa pungufu, mtu wake mmoja yuko kwenye kisanduku cha adhabu. Zinabaki 41. Ondoa 9 za pasi ya pili, zinabaki 32. Ondoa mabao 3 ya goli tupu, yale ya dakika za mwisho mpinzani akishamtoa kipa ili aongeze mshambuliaji: 29. Gawa kwa mechi 68, unapata 0.43. Mwenzake, kwa mechi 68 vilevile, ana pointi 60: 15 za mpinzani pungufu, 8 za pasi ya pili, goli tupu hana. Zinabaki 37, sawa na 0.54 kwa mechi. Aliyekuwa nyuma kwa pointi 12 sasa yuko mbele.

Pasi ya pili tunaiondoa kwa sababu ina bahati nyingi ndani yake, mwaka huu nyingi, mwakani chache, na kijana ni yule yule. Pointi za mpinzani pungufu hazina kosa, ila zina swali lake. Timu ya NHL hupanga vikosi viwili tu vya watu watano kwa dakika hizo. Kijana ambaye ubora wake wote uko hapo atalazimika kuwashinda waliokwisha kuajiriwa, na akishindwa atapelekwa mstari wa nne, kundi la washambuliaji watatu wanaochezeshwa kidogo zaidi, ambako kazi ni kukaba, kuzuia mashuti kwa mwili na kugombea kisahani (kile cha mpira mgumu kinachochezewa) kwenye ukuta wa uwanja. Wengi hawajawahi kufanya kazi hiyo.

Halafu uliza anacheza na nani. Mfano ninaoupenda ni Alex DeBrincat wa Erie Otters, timu ya OHL. Msimu wa 2014-15 alifunga mabao 51 akiwa timu moja na nyota Connor McDavid, na wengi wakasema anabebwa. McDavid akaenda Edmonton, kwenye NHL. Msimu uliofuata DeBrincat akafunga 51 tena, katika mechi chache zaidi. Jibu lilikuwa limeandikwa wazi, lakini urefu wake ni kama sentimita 170, na timu zikamwacha hadi nafasi ya 39, Chicago wakamchukua mwaka 2016. Msimu wake wa kwanza NHL alifunga 28, na baadaye akafikisha 41 zaidi ya mara moja. Ukitaka kujua nani anambeba mwenzake, tafuta mechi ambazo mmoja wao alikuwa majeruhi au kwenye timu ya taifa, uzitazame zote.

Ligi nayo ina uzito wake. Kijana wa miaka 17 anayepewa dakika 9 katika ligi ya watu wazima Uswidi au Ufini anaweza kuwa na pointi 6 msimu mzima na bado akawa mbele ya mwenye 70 kwa vijana wenzake. Akipata pointi nyingi huko, funga daftari na umpandishe: Elias Pettersson alikuwa na pointi 41 katika mechi 43 daraja la pili la Uswidi, na Vancouver wakamchukua wa 5 mwaka 2017. Angalia na upana wa uwanja. Wa NHL ni takriban mita 61 kwa 26, lakini vingi vya Ulaya vimekuwa na upana unaokaribia 30. Mita nne hizo ndizo zinazompa winga sekunde ya kuinua kichwa.

Namba zikiisha, nenda ukatazame. Mechi zisipungue tano: nyumbani, ugenini, na angalau moja ambayo ni ya tatu ndani ya siku tatu, miguu ikiwa mizito kwa safari za basi. Kaa juu, usikae kwenye kioo. Ukiwa chini unaona kasi lakini huoni nafasi. Mechi ya kwanza usifuate kisahani, mfuate yeye peke yake. Zamu ya barafuni ni kama sekunde 45, na mshambuliaji wa kutegemewa hupata zaidi ya 20 kwa mechi. Kila zamu iandikie mstari mmoja: aliingiaje eneo la mpinzani, kwa kukimiliki kisahani au kwa kukitupa mbele na kukifukuza, nini kilifuata, na kisahani kilipopotea, hatua zake tatu za kwanza zilielekea wapi.

Tukio moja linanieleza mengi kuliko mabao. Winga yuko ukutani ndani ya eneo lake, karibu na mstari wa buluu unaofunga eneo hilo, mgongo kwa uwanja. Beki wake anamrushia kisahani kikizunguka ubao, na beki wa mpinzani anateremka kumfinyia hapo hapo. Tazama shingo. Mzuri anageuza kichwa mara mbili kabla kisahani hakijafika, anauweka mgongo na nyonga kati ya adui na kisahani, anakituliza kwa kiatu au kwa gongo, na kwa mguso wa pili kimeshafika kwa senta katikati. Wa kawaida anageuza kichwa baada ya kupokea, na hapo keshabanwa. Kwa vijana anaponea kwa nguvu au kwa kukigongesha kwenye kioo cha pembeni ili kitoke nje ya eneo lake. Kwa watu wazima hilo ni shuti golini kwake, na kocha hampi zamu nyingine. Hesabu matukio hayo katika mechi tatu: kumi yakitokea na saba akayamaliza kwa pasi safi, una mchezaji.

Mabao yake yatazame yote kwenye video, mfululizo. Andika kila bao lilipigwa kutoka wapi na kipa alikuwa anafanya nini. Shuti la mbali kutoka pembeni, kipa amesimama na anaona, huingia kwa makipa wa miaka 17 na hukataa baadaye. Bao la mbele ya goli, la kupiga bila kutuliza, au la kubadili pembe ya gongo kabla ya kuachia, hilo husafiri. Chenga ni vivyo hivyo. Ile ya kupitisha kisahani katikati ya miguu ya beki hufaulu kwa sababu beki kijana huvamia. Beki mkubwa hurudi nyuma, anatunza umbali wa gongo moja na kukusubiri ujifungie mwenyewe ukutani.

Kuhusu kuteleza, tenganisha kinachorekebishika na kisichorekebishika. Goti lisilokunjwa vya kutosha, hatua fupi za kuanzia, mikono inayokata upande badala ya mbele, hayo mwalimu wa kuteleza huyafanyia kazi. Brayden Point alishuka hadi nafasi ya 79 mwaka 2014, mdogo wa umbo na mwenye maswali juu ya kasi yake, lakini akili ya mchezo alikuwa nayo. Tampa wakamtengeneza miguu, na msimu wa 2022-23 akafunga mabao 51. Kijana mwenye kasi asiyejua pa kwenda na kasi yake ni mgumu zaidi kumsaidia.

Vipimo vya mwili vya kambi ya wateule kabla ya drafti, kuruka, baiskeli na kadhalika, visikupotezee usiku. Sam Bennett mwaka 2014 hakuweza kujivuta kwenye bomba hata mara moja. Calgary wakamchukua wa 4, na 2025 akiwa Florida alitwaa Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mchujo. Mashindano ya dunia ya U18 ya Aprili yapunguzie uzito pia. Ni mechi chache mno, na nyingine ni dhidi ya timu dhaifu.

Ripoti iwe nusu ukurasa. Weka kazi unayomwona akiifanya akiwa na miaka 24 (senta wa mstari wa pili, winga wa kukaba, na kadhalika), raundi ambayo ungemchukua, kitu kimoja anachokifanya kuliko wenzake wote, na kitu kimoja kitakachomzuia. Nafasi ya kitu cha kwanza ikibaki tupu, basi kuanzia raundi ya 4 usimchukue, hata kama hana dosari. Huko chini alipatikana Johnny Gaudreau, wa 104 mwaka 2011: mdogo kuliko karibu kila beki aliyemkabili, lakini mikono yake hakuna aliyekuwa nayo.