Mama Muganga Anajibu: Pilipili ya chupa, kumbikumbi wa mfuko, na kope zilizoanguka

Mama Muganga, jambo. Natengeneza pilipili ya chupa hapa Kadutu: pilipili kali, kitunguu saumu kizima, chumvi na mafuta. Nachemsha karibu saa nzima, natia kwenye chupa za mayonezi nilizozipitisha kwa maji ya moto, nafunga kabisa. Inakaa mezani hata mwezi bila kuharibika. Juzi mteja mmoja, mwanafunzi wa udaktari, alinirudishia chupa yake, akasema siku moja nitaua mtu kwa ugonjwa unaoitwa botulisme. Ni kweli, ama ni wivu wa biashara tu? Nimekutumia chupa moja uione. (Mama J., Kadutu)

Mama J., chupa imefika. Iko mezani hapa na sijaionja, utanisamehe. Nimeishika kwenye mwanga wa dirisha: punje za kitunguu saumu zimelala chini nzima nzima, pilipili juu yake, na juu kabisa mafuta ya unene wa vidole viwili. Inapendeza macho. Na yule kijana hakuonei wivu.

Botulismi inaletwa na sumu ya bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Makao yake ni udongo na tope la chini ya maziwa, na kitunguu saumu chako kimechimbwa udongoni. Mazingira yakimkalia vibaya anajifunga ndani ya spora, yaani mbegu ngumu isiyojali moto wa kawaida. Maji ya nyuzi 100 hayaiui hata yakichemka kwa saa kadhaa. Viwanda vya mikebe hutumia mvuke wenye shinikizo unaofika nyuzi 121. Sasa sisi wa Bukavu tunaishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kitunguu chenyewe kimejaa maji, kwa hiyo ndani yake moto hauzidi hapo. Chemsha mpaka makaa yaishe, spora bado ipo.

Tena kule kuchemsha kunamsaidia. Umewafukuza bakteria wengine waliokuwa wakimsumbua, umeitoa hewa, kisha ukamfungia mlango kwa mafuta na kumwachia chakula chumbani. Yeye hewa haitaki. Anataka unyevu, joto kama la meza yako, na chakula kisicho na uchachu wala chumvi nyingi. Akipata hayo, anaamka na kutoa sumu ambayo kiasi kidogo kisichoonekana kwa jicho kinatosha kumlaza mtu mzima. Harufu inaweza isibadilike, wala rangi, wala ladha. Unaposema pilipili haijaharibika, unasema tu kwamba haijanuka.

Mwezi wa Oktoba 2008, jirani zetu wa Uganda walipata wagonjwa watatu katika shule moja ya bweni. Wote walilazwa na mmoja akafa. Walipochunguza, chakula pekee ambacho wote watatu walikuwa wamekila kilikuwa kiungo cha kienyeji kilichotengenezwa nyumbani kwa mafuta. Soma tena sentensi hiyo ukiiangalia meza yako.

Ushauri wangu ni huu: hizo zilizobaki usiuze. Usionje eti ujaribu. Zifunge kwenye mfuko na uzizike mahali ambapo watoto, mbwa na kuku hawafukui, maana kuku nao huuawa na sumu hii, shingo zinalegea tu. Biashara usiiache. Pilipili iliyokaushwa vizuri na kusagwa haina maji, na pasipo maji bakteria huyu hafanyi kitu. Au tengeneza ya siki, ile wanayoita vinegre sokoni, bila mafuta, vipande vyote vimezama na siki ni ya kweli, siyo maji yenye rangi. Uchachu wa kutosha, wataalamu wanasema pH (kipimo cha uchachu) chini ya 4.6, unaizuia spora isiamke. Kukamulia limau moja juu ya mafuta hakusaidii, kwa sababu uchachu hauingii ndani ya kitunguu. Na kama mtu anapenda sana ile ya mafuta na saumu, atengeneze kidogo, aiweke kwenye frigo, aimalize ndani ya siku 4. Umeme ukikatika mchana kutwa, hizo siku 4 hazipo tena.

Mama, mwaka jana baada ya kilio cha mzee wetu, shemeji yangu aliamka kope zimeanguka, anaona watu wawili wawili. Jioni sauti ikawa ya puani, hata mate hayamezi. Hakuwa na homa na akili ilikuwa timamu kabisa. Siku ya tatu mikono ikalegea, akashindwa kupumua, akafa. Familia yake inasema sisi tulimtilia karuho, yaani sumu, kwa sababu wote tulikula pale lakini yeye peke yake aliugua. Mpaka leo hatusalimiani. Ugonjwa kama huo upo? (Baba M., Bagira)

Pole sana, Baba M. Mtu ambaye sikumwona siwezi kumpa jina la ugonjwa, na ningekuwa mwongo nikifanya hivyo. Lakini ndiyo, ugonjwa wa namna hiyo upo, na ulivyoueleza ndivyo wanafunzi wangu wa uuguzi wanavyofundishwa kuutambua.

Sumu ya botulismi inakaa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, inazuia amri isipite. Inaanzia juu na kushuka, pande zote mbili kwa pamoja: kope, macho, ulimi, koo, shingo, mikono, kifua, kisha miguu. Kinywa kinakauka. Tumbo linaweza kusumbua mwanzoni, halafu choo kinafunga. Homa haipo. Mgonjwa anasikia kila neno na kila mguso, ila hawezi kujibu, na watu wanazungumza juu yake kama ameshaondoka. Jambo hilo hunikera kuliko yote.

Angalia tofauti zake na mengine. Kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja. Konzo, ile ya muhogo mchungu usiolowekwa sawasawa, huanza miguuni na miguu hukakamaa, hailegei. Dawa za kunyunyizia mimea zikimdhuru mtu, mara nyingi mate na jasho humtiririka na mboni za macho husinyaa. Kwenye botulismi kinywa ni kikavu na mboni mara nyingi hupanuka. Mganga wa zamu anayeuliza maswali hayo matatu au manne amefanya kazi kubwa kabla ya maabara.

Sasa lile swali linalowagombanisha: mbona yeye peke yake? Sumu haienei sawa ndani ya chakula. Kipande kimoja cha nyama au samaki kinaweza kuwa nayo, na cha pembeni yake kikawa safi. Mmoja alichota chini ya sufuria, mwingine juu. Mmoja alipasha moto, mwingine alikula baridi. Dalili nazo kwa kawaida huchelewa saa 12 hadi 36, wakati mwingine hata siku 8, kwa hiyo watu hulaumu sahani ya mwisho na mkono wa mwisho uliompa, wakati kosa lilikuwa kwenye chakula cha juzi yake.

Hata bakteria mwenyewe alipatikana kilioni. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki wa fanfare, yaani bendi ya tarumbeta, walipiga kwenye maziko, wakapewa nyama ya paja la nguruwe iliyohifadhiwa kwenye chumvi. Wengi waliugua na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem wa Gent aliichunguza nyama hiyo na maiti, akampata bakteria. Hapakuwa na mchawi wala adui. Sisemi kwamba Bukavu haina watu wabaya; nasema sumu hii haihitaji mkono wa mtu. Ipeleke barua hii kwa wakwe, waisome wenyewe.

Kwa wengine wanaosoma: mtu akianguka kope pande zote mbili na kushindwa kumeza, usimpe dawa ya kunywa wala maji, atapaliwa. Mkimbize hopitali kubwa, yenye mashine ya kupumulia. Ipo dawa inayoitwa antitoksini. Inainasa sumu iliyobaki kwenye damu, haiitoi ile iliyokwisha kushika mishipa, ndiyo maana waganga hawatakiwi kungoja jibu la maabara. Hutaipata kwenye farmasi ya mtaani; hopitali ndiyo iulize ngazi za juu, tena siku hiyohiyo. Antibiotiki haziizuii sumu iliyokwisha kuliwa. Mgonjwa anayesaidiwa kupumua anaweza kukaa kwenye mashine wiki au miezi kisha akarudi nyumbani kwa miguu yake. Penye huduma hiyo, wanaokufa hawafiki 10 kati ya 100. Chukueni pia mabaki ya chakula na chupa yake, mfungashe vizuri, na mtaje wote waliokula. Ugonjwa hauambukizi, lakini sufuria ni moja, na mgonjwa wa pili huenda yuko nyumbani anasugua macho akidhani ni usingizi.

Dada yangu wa Shabunda hunitumia kumbikumbi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Wakifika wana unyevunyevu lakini watamu. Kuna shida? (Mama wa Nguba)

Ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Kenya, watu walikufa kwa botulismi baada ya kula kumbikumbi waliosafirishwa hivyohivyo, ndani ya mfuko wa plastiki. Kumbikumbi anatoka ardhini, mfuko unamnyima hewa, safari inampa joto. Mwambie dada awakaange, awaanike mpaka wavunjike kwa vidole, awatie kwenye kikapu au gunia la kitambaa. Wakifika wakiwa na unyevu, watupe. Ni kweli kwamba sumu yenyewe, tofauti na spora, hufa kwa joto: zaidi ya nyuzi 85 kwa dakika 5, na jikoni ningesema chemsha dakika 10. Hiyo ni kinga ya chakula kizuri. Usiitumie kuokoa kilichooza.

Mkebe wa samaki umevimba, muuzaji anasema ni jua tu, eti anipunguzie bei. (Mwanafunzi, Ibanda)

Akupe bure, usichukue. Mwaka 2002 Afrika Kusini watoto wawili wa nyumba moja walikufa baada ya samaki wa mkebe. Bonyeza mfuniko kwa kidole gumba: ukishuka na kurudi juu, mrudishie. Kagua pia maungio, kutu iliyotoboa na alama za kuvuja, kwa sababu mkebe mwingine wenye sumu hauvimbi kabisa.

Mtoto wangu ana miezi 7 na anakohoa. Bibi anataka kumlambisha asali ya Kahuzi. (Mama mdogo, Panzi)

Mwambie bibi shikamoo yangu, na asali asubiri. Ndani ya asali, hata safi kabisa, spora zinaweza kuwepo. Wewe na mimi zinatupitia tu, lakini tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka haliwezi kuzizuia. Zinaamka humohumo na kutoa sumu. Huanza na kufunga choo, kunyonya kwa uvivu, kilio chembamba na shingo isiyokaza. Ukiona hayo, usilale nayo. Kikohozi mpeleke kituo cha afya wasikilize kifua, endelea kumnyonyesha, na asali ya Kahuzi mle ninyi wakubwa.