Mashine ndogo ya kuosha sahani mu anexi ya vyumba viwili: pima mlango kwanza

Juzi dada mmoja wa Bukavu aliniandikia kwa WhatsApp, aliona picha niliyoweka kwa status, jikoni yangu ambayo kusema kweli ni kona tu ya salo, akauliza: "Yaya, ile kintu nyeupe pembeni ya frigo ni ya kuosha sahani kweli? Miye niko na kastudio kadogo, ninunue yangu ao ni kutupa makuta?" Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimejaza skrini nzima na hasira za zamani zimeamka, basi nikasema acha niiandike hapa, najua hayuko peke yake.

Nianze na aibu yangu. Mashine ile niliinunua kwa sababu ya kuchekwa.

Tunaishi Bel-Air hapa Lubumbashi, anexi ya vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya mwenye paseli, robine ni moja katikati ya kiwanja, familia nne. Mama Mapasa, mke wangu, anafanya kazi usiku kwenye kliniki, mapasa wetu (mapacha) wakati ule walikuwa na miezi minane, asubuhi yeye anarudi macho mekundu, sasa nani aoshe vyombo? Miye. Bibero sita (chupa za maziwa ya watoto), vikombe, masahani ya jana, sufuria ya bukari (ugali) yenye ukoko. Nabeba beseni naenda robineni nachuchumaa, na ilikuwa mwezi wa 6, wenye wanajua baridi ya Lubumbashi wanajua, maji ya saa kumi na mbili asubuhi yanauma vidole mpaka kwenye mfupa. Siku ya kwanza wamama walinyamaza. Siku ya pili mmoja akasema kwa sauti ya kutosha: "Papa Mapasa, kumbe njo weye uliolewa?" Walicheka mpaka mmoja akatua bidoni chini. Nilicheka nao, ningefanya nini, lakini neno lile lililala na miye kitanda kimoja. Na dada yangu mukubwa wa Katuba nilipomweleza nikidhani atanitetea, akanijibu tu, "Lakini na weye mudogo yangu unazidisha." Hiyo iliniuma kuliko ya robineni, na mpaka leo bado.

Sasa mwisho wa mwaka, Mzungu mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa anafanya kazi kwa kampuni ya mgodi alikuwa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba. Rafiki yangu akanipeleka. Kati ya viti na pazia nikaona kisanduku, ukubwa kama mikrowevu iliyonenepa, sentimita 43 hivi kila upande, juu kina tanki la lita 5 unajaza kwa jagi, hakitaki kufungwa kwa robine. Dola 120. Mzungu akakifungua, akanionyesha. Miye nilichokuwa naona pale ni wale wamama wa robineni wakikosa mtu wa kucheka. Nikalipa bila kushusha bei, miye ambaye kwenye soko ya Kenya (Kenya ya hapa kwetu, si ile ya Nairobi) nabishana mpaka bei ya nyanya.

Nyumbani nikaiweka mezani. Meza nilikuwa nimeipima vizuri sana. Mlango sikupima. Mashine hizi mlango unafunguka mbele kwenda chini kama wa ovena, unataka nafasi nyingine ya sentimita 30 hivi mbele yake, na wangu ulikuwa unagonga frigo ukiwa nusu. Tukasukuma frigo, frigo ikaingia njia ya kitanda, Mama Mapasa akaniangalia bila kusema kitu. Dada wa Bukavu, pima mlango.

Halafu fishi, ile plagi ya kuchomeka ukutani. Za Afrika Kusini ni zile za meno matatu manene ya mviringo, hapa haziingii popote. Kijana mmoja wa mtaani akakata, akaweka fishi ya meno mawili, na waya wa ardhi akaukunja akaufunika na skoch. Siku mbili baadaye nagusa mlango na mkono mbichi, kuran (umeme) inanipiga, si kubwa, kama mdudu anatembea. Kitu chenye maji na moto wa umeme pamoja hakichezewi! Nikatafuta fundi wa kweli akavuta waya wa ardhi mpaka nje, akaugongelea chuma kwenye udongo, na alinidai zaidi kuliko nilivyotaka, lakini nilikuwa na watoto wawili wanaotambaa mule ndani. Akanitupia pia ile ralonji nyembamba (waya wa kurefushia umeme), sababu mashine yangu inavuta karibu wati 900 wakati wa kupasha maji, na miye nilikuwa nimeichomeka pamoja na resho ya umeme, plastiki ilikuwa imeanza kulainika.

Mnafikiri nilijifunza? Wiki hiyohiyo nikaishiwa sabuni yake, nikaweka ya maji, ile ya kuoshea kwa mkono, kifuniko kimoja tu. Dakika kumi povu linatoka pembeni ya mlango kama bia iliyotikiswa. Sabuni ya mashine hizi karibu haitoi povu, kazi yake inafanywa na vimeng'enya vinavyokula wanga na protini, na povu linafanya pampu ivute hewa badala ya maji. Nilitoa povu kwa kikombe na kitambaa mpaka saa sita usiku. Wakati niko busy na povu nikasahau bomba la kutolea maji machafu, nililiweka chini bila ndoo, na pale chini kulikuwa na mufuko wa unga wa kilo 25 ambao tulikuwa tumeufungua jana yake. Wa Lubumbashi wanaelewa, sihitaji kueleza bei. Nusu tuliutupa. Mama Mapasa alikuja kuongea siku ya tatu.

Na kuna sufuria. Hii naisema kwa herufi kubwa moyoni: SUFURIA ZA ALUMINIUM HAPANA. Sabuni ile ni kali, inaunguza aluminium, inatoka nyeusi-nyeusi kama imelala kwenye majivu, na sufuria iliyoharibika ilikuwa ya mama mkwe, aliyompa binti yake siku ya ndoa. Mwiko wa mti nao hapana, maji ya moto yanaupasua. Sahani za plastiki zilizopakuliwa sombe ya mawese zinabaki na rangi ya machungwa, mafuta yanatoka, rangi inakaa, na zikiwa chini karibu na resistansi (chuma cha kupasha maji) zinajikunja. Kwa hiyo ukijumlisha, vitu vikubwa vya jikoni ya Mkongomani bado utaviosha kwa mkono. Mashine inachukua masahani ya kauri, vikombe, glasi, vijiko, na kwetu sisi, bibero. Hizo bibero njo zilitulipa. Programu ya moto inafika digrii 70, zinatoka zinalia zikiguswa.

Maji yenyewe ni kidogo, lita zile 5 tu kwa mzunguko mzima, sababu maji yaleyale yanavutwa na pampu, mkono wenye matundu unazunguka na kuyarushia vyombo, yanapita kwenye filtri yanarudi juu tena. Miye na beseni langu nilikuwa nakula bidoni nzima ya lita 20 kwa vyombo vilevile. Lakini filtri, filtri, filtri. Bukari ikiingia mule inavimba na moto inakuwa gundi. Kwangua sahani kabla, na filtri toa kila siku uisukutue. Na kama birika lako la chai lina chokaa nyeupe ndani kama la kwangu, mashine pia itapata, pitisha siki ikiwa tupu mara moja kwa mwezi. Sabuni ya vidonge ni ghali mjini, miye nakata kidonge katikati, kwa mashine ya ukubwa huu nusu inatosha kabisa.

Kuran ni hadithi nyingine. Ikipungua nguvu mashine inaandika herufi na namba na inagoma katikati, maji ndani, vyombo na sabuni. Nilinunua regilatere (kisanduku cha kusawazisha nguvu ya kuran) ya 2000, ndogo zaidi ya hapo usijaribu. Na mwenye paseli aliposikia ile mvumo akaja kusimama mlangoni: "Kale kamashine kako kanakula kuran yetu yote." Nikamweleza mzunguko mmoja haufiki hata uniti moja, karibu 0.6, akasema yeye si mtoto wa shule. Tunalipa dola 5 zaidi kwa mwezi mpaka leo, na yeye ana frigo mbili na kongelateri, lakini tuache.

Dada yangu wa Katuba alipoiona akasema ni uvivu. Nikamweleza habari ya Josephine Cochrane, mama wa Marekani aliyepata hataza ya mashine ya kuosha vyombo mwaka 1886, na mwaka 1893 akaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na wateja wake wa kwanza wakubwa walikuwa mahoteli na marestora, watu wa kazi kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa mke wa nyumba tajiri mwenye watumishi, alichoka kuona sahani zake za thamani zinabanduka kingo. Dada akanijibu: "Sawa, na weye sahani zako za thamani ziko wapi?" Nilikosa jibu, na sijalipata.

Sasa nawaambia wanaume wenzangu, maana na nyinyi mnasoma hapa. Tunakubali kubeba simenti na kulala chini ya magari mabovu, lakini sahani ya mtoto wako ikikutazama unatafuta mashine ya kukuficha. Miye nilijificha. Nilitumia dola 120, na fundi, na regilatere, na nusu mufuko wa unga, ili watu wanne wasinione nimechuchumaa. Kama nia yako ni hiyo usinunue, utaosha sufuria kwa mkono hata hivyo na watakuona. Kama una watoto wadogo, maji ya kubeba, na mke anayelala mchana, na meza ya kutosha, na mlango umepima, na waya wa ardhi uko, nunua hata leo. Nimesema mlango? Pima mlango.

Siku hizi kuran kwetu inarudi saa tano za usiku. Mapasa wamelala, najaza jagi la maji, naweka nusu kidonge, ndoo chini ya bomba (ndoo kwanza, kila siku ndoo kwanza), nabonyeza, nakaa gizani nikiisikiliza inavuma, na ninakubali kwamba naipenda.

Mwezi uliopita yule mama wa "uliolewa" alikuwa na ubatizo wa mjukuu. Alikuja mlangoni jioni na kikapu cha glasi thelathini za kuazima, mafuta na midomo ya watu bado juu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Papa Mapasa, nisaidie na mashine yako." Nikamwambia leta, mama, zinaingia awamu tatu. Halafu nikamwambia maji anabeba mwenyewe, lita 15, na nikasimama mlangoni nikimwangalia anavyotoka na bidoni kuelekea robineni.