Kwa wadogo zangu mnaoanza kuongoza ndege kwenye kompyuta

Jioni moja ya masika nilikuwa chumbani kwangu Kiboriloni, hapa Moshi. Kwenye skrini nilikuwa na ndege tano za kuigiza, nazielekeza kama mwongozaji aliye ardhini, na ya sita ilikuwa inaingia kutoka kusini. Umeme ukakatika. Kompyuta yangu wakati huo ilikuwa ya mezani, haina betri, ikazima papo hapo. Nikawasha tochi ya simu, nikavuta daftari, nikajiuliza: ile ya kwanza ilikuwa kimo gani? Ya pili niliiambia igeukie wapi? Niliweza kuandika mbili tu kwa uhakika. Zile nyingine nilikuwa nazitazama kwa zaidi ya saa nzima, lakini kichwani hazikuwamo.

Waongoza ndege huita kitu nilichokikosa "picha". Mwenye picha anajua kila ndege iko wapi sasa na itakuwa wapi baada ya dakika mbili, hata akifumba macho. Ikimtoka, atabaki kukimbizana na nukta moja moja za ndege kwenye skrini, na kila anapozima moto huku unawaka kule. Miezi minne yote kabla ya jioni ile nilikuwa nakimbizana na nukta.

Mnaponipigia mnaniuliza: kaka, simuleta (programu ya kuigiza uongozaji) ipi nzuri, laptopu ipi, hedifoni zipi? Nitajibu kwa mkato, maana hayo siyo yanayomwangusha mtu. Anza na openScope. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na maelekezo unayachapa kwa kibodi. Laptopu ya mtumba inatosha. Hedifoni usinunue bado. Ukishakomaa kuna VATSIM, mtandao ulioanza mwaka 2001, na IVAO ulioanza 1998, ambako watu wanarusha ndege za kuigiza kutoka nyumbani kwao na wenzao wanawaongoza kwa sauti. Kujiunga hulipi, ila kiti cha mwongozaji hukalii mpaka upite mafunzo yao. Msikimbilie huko mwezi wa kwanza. Mtu wa upande wa pili ametumia jioni yake nzima kupanga safari hiyo, na ukimvuruga unamvuruga mtu, si programu.

Zoezi ninalowapa wote ni la giza. Weka ndege tatu tu. Kila baada ya dakika kumi zima monita, au funika skrini kwa kanga, kisha andika: jina la redioni, kimo, uelekeo, kasi, na neno la mwisho uliloiambia kila moja. Funua, linganisha. Ukipata zote tatu bila kosa wiki nzima, ongeza ya nne. Mimi nilikaa kwenye tatu wiki mbili, na hizo ndizo wiki zilizonifaa kuliko zote. Najua inachosha. Kijana anataka ndege kumi na tano siku ya tatu ili awaonyeshe wenzake, na simuleta itamruhusu. Simuleta haina huruma wala haikatazi kitu.

Kinachosaidia picha ikae ni mkono. Nunua manila, kata vipande vyembamba virefu, kila ndege ipate chake. Ikiingia andika kwa penseli, ukibadilisha kimo piga mstari namba ya zamani na uandike mpya pembeni. Vipange mezani kwa mfuatano wa kutua, ya kwanza iwe chini kabisa. Waongoza ndege wamefanya kazi kwa vipande vya namna hii miaka mingi, wanaviita stripu, na hata viwanja vingi vilivyohamia kwenye skrini vimebaki na mpangilio uleule. Mara nyingi utagundua kosa pale unapohamisha kipande, kabla rada haijakuonyesha.

Sasa jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayawezi kumpa mtu wa Moshi au Arusha. Yameandikwa na watu wa viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari, na huko utaambiwa: ishushe ndege hadi futi 3,000, kisha uiingize kwenye mstari wa kutua. Ukilihamishia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, neno hilo bila kufikiri, umeua watu. Vimo hivyo hupimwa kutoka usawa wa bahari, na KIA iko futi 2,932 juu yake, kwa hiyo futi 3,000 ni kama futi 70 tu juu ya lami. Kwa uwanja wa Arusha pale Kisongo, ulio juu ya futi 4,500, namba hiyo iko chini ya ardhi. Mteremko wa kawaida wa kutua ni nyuzi 3, yaani takriban futi 300 kwa kila maili ya majini (kilomita 1.85 hivi, na ndiyo maili ninayoitumia kote hapa). Ndege iliyobakiza maili 10 inatakiwa iwe kama futi 3,000 juu ya uwanja. Ongeza kimo cha uwanja wenyewe: KIA hapo unazungumzia karibu futi 6,000. Kabla ya kufungua uwanja wowote kwenye simuleta, andika kimo chake juu kabisa ya karatasi.

Na milima. Simuleta nyingi za kuanzia ni uwanda mtupu. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki kwa magharibi: upande mmoja unaitwa 09 kwa sababu ndege inaelekea nyuzi 90, upande wa pili 27 kwa nyuzi 270. Ikiruka kwa 09 inatazama upande wa Moshi, na ukiigeuza kushoto ikiwa bado chini unaipeleka kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, futi 19,341. Ikiruka kwa 27 inatazama Arusha, na mkono wake wa kulia kuna Meru, karibu futi 15,000. Sisi tunaiona milima hii kila asubuhi mawingu yakifunguka. Chora ramani yako, uiwekee milima yote miwili, na ujiwekee sharti kwamba hakuna ndege unayoielekeza kaskazini kabla haijapata kimo cha kuivuka salama. Hata kama skrini haina mlima, wewe uwe nao.

Kosa jingine nililolirudia mno ni la kasi. KIA ni mahali pazuri pa kulijifunza, kwa sababu hapo ndege kubwa za kutoka Ulaya zinakutana na ndege ndogo za Cessna Caravan zinazowapeleka watalii mbugani. Chukua Caravan iliyobakiza maili 10, inakuja kwa noti 100, yaani maili 100 za majini kwa saa. Nyuma yake umeweka ndege kubwa, nafasi ya maili 5, inakuja kwa noti 150. Kwa macho nafasi ni nzuri kabisa. Piga hesabu: Caravan itafika baada ya dakika 6. Ile kubwa ina maili 15 mbele yake, kwa maili mbili na nusu kila dakika, nayo itafika baada ya dakika 6. Zote mbili zinafika kizingitini, yaani mwanzo wa njia ya kutua, kwa wakati mmoja. Nafasi unayoiona sasa haina maana mpaka uipigie hesabu ya mbele. Jizoezeni namba hizi mpaka zitoke zenyewe: noti 120 ni maili 2 kwa dakika, 180 ni maili 3, 240 ni maili 4.

Ukigeuza mpangilio, kubwa mbele na Caravan nyuma, tatizo linabadilika sura. Ndege nzito huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu kutoka kwenye ncha za mabawa, na hewa hiyo inaweza kuipindua ndogo. Kwa hiyo kanuni za kimataifa zinataka nyepesi inayoifuata nzito kwenye kutua ipewe maili 6, wakati nafasi ya kawaida ya rada ni maili 5, au 3 panaporuhusiwa. Simuleta nyingine hazikukati alama kwa kosa hili. Jikate mwenyewe.

Hapa nasimama kidogo kwenye mdomo, kwa sababu sisi Waswahili tuna neno moja tamu litakalotuponza: "sawa". Mzazi akikutuma dukani unasema sawa. Mteja akikupa maelekezo unasema sawa. Redioni "sawa" haithibitishi kitu. Rubani anapaswa kurudia kimo, uelekeo, kasi, namba ya njia na ruhusa aliyopewa, na mwongozaji anapaswa kusikiliza marudio hayo hadi neno la mwisho, siyo kukimbilia ndege inayofuata. Kazi ikizidi, sikio ndilo linalokufa kwanza: utasikia ulichotarajia kusikia. Mfanye hivi. Mmoja akae kwenye kompyuta, mwenzake ampe mgongo asiione skrini, awe rubani wa ndege zote, arudie kila agizo kwa sauti, na kwa makusudi akosee moja katika kila kumi. Vyuoni hufanya karibu hivyohivyo, kuna watu chumba kingine wanaoigiza marubani wakati mwanafunzi anaongoza. Majina yawe ya kufanana pia. Ndege za Tanzania husajiliwa kwa kuanza na 5H, na zikiwa tatu angani zenye herufi za mwisho zinazokaribiana, ndipo utajua kama unasikiliza au unasikia tu.

Namba zitajwe tarakimu moja moja kwa Kiingereza cha redioni, kwa sababu kumi na tano na hamsini katika lugha hiyo zinafanana mno kwenye redio yenye mikwaruzo. Na neno "take-off" lisitoke kinywani mwako isipokuwa unapotoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au unapoifuta. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, uliofunikwa na ukungu, Boeing 747 mbili ziligongana, moja ikiwa imeanza kukimbia kuruka bila ruhusa, na watu 583 wakafa. Maneno ya redioni yaliyoeleweka tofauti huku na kule yalikuwa sehemu ya chanzo. Kila ninapomsikia mdogo wangu mmoja anafupisha maneno ili aonekane mwepesi, namsimamisha na kumwambia habari hiyo upya.

Kitufe cha kusimamisha muda msikiguse. Mkizidiwa, weka moja izunguke mbali, nyingine ibaki kimo chake, tengeneza nafasi ya kufikiri ndani ya kazi. Mambo yakiharibika kabisa, malizeni hivyohivyo hadi ndege ya mwisho itue, ndipo muanze upya.

Wanaotaka kazi yenyewe: mafunzo yapo katika chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, Dar es Salaam. Viwango vya kimataifa vinataka mwenye leseni awe ametimiza miaka 21, awe na cheti cha afya, na Kiingereza cha angalau daraja la 4 kati ya 6, ambalo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Saa za simuleta ya nyumbani hazihesabiwi popote. Anzeni na Kiingereza leo.

Usiku huu, kama una bando, fungua Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege halisi zilizo angani, na utafute ndege kubwa inayokuja KIA. Tuseme iko futi 37,000. Toa takriban 3,000 za uwanja, zinabaki 34,000. Kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji kama maili 3, kwa hiyo utarajie ianze kushuka ikibakiza maili 102 hivi, karibu kilomita 190. Andika makisio yako kwenye kipande cha manila kabla haijaanza kushuka. Ikishuka mapema kuliko ulivyoandika, tafuta sababu: upepo wa nyuma, kasi, ndege nyingine iliyo mbele yake. Kesho unitumie karatasi hiyo.