Kubadili diski kutoka FAT32 kwenda NTFS bila kupoteza mafaili

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuitoa diski D ya kompyuta yako ya Windows kwenye FAT32 na kuipeleka kwenye NTFS (hii ni mifumo ya kupanga mafaili ndani ya diski) bila kufuta kilichomo, kwa kuwa video yako ya GB 6 inakataa kuingia. Inawezekana. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata diski ikiwa na nafasi tele.

Lakini kwanza nakili kila kitu kwenye diski nyingine, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye nakala hiyo uone kama kweli yanafunguka. Nakusihi usiruke hatua hii. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa, kwa hiyo hata laptopu iache kwenye chaji.

Ukishamaliza, fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike chkdsk D: /f ili makosa yaliyopo yarekebishwe. Halafu andika convert D: /fs:ntfs. Itakuuliza jina la diski. Andika lile lile unaloliona kwenye This PC. Ikisema diski inatumika, kubali ifanye kazi hiyo kompyuta itakapowashwa upya, na usiizime hadi imalize.

Kurudi FAT32 ni lazima ufomati, na kufomati kunafuta vyote. Tena kama diski hiyo unaichomeka pia kwenye Mac, NTFS itasomeka tu, hutaweza kuandika. Hapo mimi ningechagua exFAT, mfumo mwingine wa mafaili ambao Windows na Mac zote huusoma na kuuandika, ingawa amri ya convert haiifikii: utafomati, kisha urudishe mafaili kutoka kwenye nakala.