Senga, tangu nianze vidonge vya usingizi naamka nimelowana

Mama mmoja wa Busia, miaka 46, muuza mitumba, ameniandikia mimi senga wenu, yaani shangazi mshauri, kwamba mumewe alipofariki usingizi ulimpotea kabisa, duka la dawa wakampa Valium, sasa ni mwezi wa nne analala vizuri ila asubuhi anakuta kitanda kimelowa. Anatandika kaveera (mfuko wa plastiki) chini ya shuka, watoto hawajui. Anauliza kama amerogwa, na kama aende harusi ya mdogo wake Tororo.

Mwanangu, kwanza pole sana kwa msiba. Halafu hapana, hujarogwa, mi nashuku hivyo vidonge. Valium inalegeza misuli mwili mzima, hata ile inayofunga mkojo, na tena inakulaza usingizi mzito hadi kibofu kikijaa kikakuita husikii. Na haitoki haraka, kidonge ulichomeza jumatatu usiku, jumatano nusu yake inaweza kuwa bado iko mwilini, wewe kila siku unaongeza kingine juu yake. Watafiti wa Italia mwaka 2002 waliangalia wazee wanaohudumiwa nyumbani, wakaona wanaotumia dawa za jamii hiyo walishindwa kuzuia mkojo zaidi ya wasiotumia. Wewe si mzee na hiyo peke yake haithibitishi kwamba ndiyo sababu, lakini wewe mwenyewe umesema ilianza baada ya vidonge.

Sasa nisikilize vizuri hapa: USIACHE GHAFLA. Miezi minne mwili umeshazoea, ukikata siku moja unaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata kupata degedege. Beba pakiti uende kituo cha afya, sema ukweli unameza ngapi, wakupunguzie polepole, na uombe wapime mkojo na sukari maana infekshoni na kisukari pia vinaleta hivyo hivyo. Usikubali mtu wa duka akubadilishie Piriton, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi, hiyo nayo inaweza kuzuia mkojo usitoke vizuri mpaka kibofu kijae na kumwagika. Pombe usiguse kabisa ukiwa na Valium, inaweza kukukata pumzi usingizini. Chai maliza saa kumi na moja jioni, kojoa kabla ya kulala.

Na hicho kilio cha kumlilia mumeo bado kiko ndani, kidonge hakikitoi. Tafuta mtu ukae naye umlilie, hata nesi hapo hapo kituoni mwambie.

Harusi nenda. Mpigie mdogo wako leo, yeye peke yake, mwambie unaumwa kibofu, akutafutie godoro la pembeni karibu na choo.