Urefu wa mtutu na kasi ya risasi: kwa wewe unayeanza kulenga masafa marefu

Karibu kila anayeingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha za mbali huanza na swali moja: ninunue mtutu wa inchi ngapi? Swali zuri, ila kuna linalolitangulia. Risasi yako inatakiwa ifike umbali gani ikiwa bado na kasi ya kutosha? Ukishalijibu hilo, suala la inchi huwa jepesi.

Tuanze ndani ya mtutu. Kiwashio kikigongwa, baruti inaungua na kugeuka gesi, na shinikizo la gesi hiyo linafika kileleni wakati risasi imesogea sentimita chache tu. Kwa .308 Winchester, aina ya risasi inayotumika sana kwenye mchezo huu, kikomo cha shinikizo kinachoruhusiwa Ulaya ni bar 4,150. Baada ya hapo shinikizo linashuka, kwa kuwa nafasi iliyo nyuma ya risasi inazidi kuwa kubwa. Gesi bado inasukuma, lakini kila inchi ya mbele inaongeza kasi kidogo kuliko iliyotangulia.

Kwa .308 yenye risasi ya greni 175 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), mtutu wa inchi 24 hutoa karibu mita 790 kwa sekunde. Punguza hadi inchi 20 na utapoteza mita 25 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo inchi moja ni kama mita 6 au 7 kwa sekunde. Usilichukue hesabu hilo ukalipeleka kwenye kila bunduki. Magnamu, yaani risasi za nguvu kubwa kama .300 Winchester Magnum, zina ganda kubwa lililojaa baruti inayoungua polepole, kwa hiyo zinanufaika zaidi na urefu, na ndiyo sababu mara nyingi huuzwa na mtutu wa inchi 26. Ukizifupisha sana, sehemu ya nguvu uliyoilipia inaishia kuwa moto na kishindo kwenye mdomo wa mtutu. Upande wa pili kuna .22 ndogo: baruti yake ni chache mno kiasi kwamba baada ya inchi 16 hivi urefu wa ziada hausaidii, na ukizidi sana msuguano huanza kuipunguzia risasi kasi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wageni wengi wanapotea. Kasi ndogo ambayo haibadilikibadiliki haikukoseshi shabaha. Chukua zile mita 25 kwa sekunde ulizopoteza kwa kukata inchi 4. Kwenye mita 1,000, risasi itaanguka chini zaidi kwa kama mita moja. Inaonekana nyingi, lakini ni milradiani moja tu (kipimo cha pembe, sawa na mita moja kwenye mita 1,000), yaani kliki kumi za kitufe cha darubini ambayo kila kliki yake ni milradiani 0.1. Unazungusha, unaandika kwenye daftari, yamekwisha. Upepo nao utaisukuma risasi kando kidogo zaidi, na hiyo ndiyo gharama ya kweli, kwa sababu upepo unaukadiria kwa macho na hauzunguki kwa kliki za uhakika.

Lakini kasi inayorukaruka haina dawa kwenye darubini. Tuseme risasi moja imetoka kwa mita 783 kwa sekunde na inayofuata kwa 798. Tofauti ni mita 15 tu, ila kwenye mita 1,000 matundu mawili yatapishana kwa takriban nusu mita juu na chini, hata kama mkono wako ulitulia kama jiwe. Ukiniuliza mimi, pesa ya inchi mbili za ziada nunulia kipima kasi kizuri na risasi za kundi moja la uzalishaji.

Kuna mahali ambapo urefu unastahili kuheshimiwa. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na risasi inaposhuka kuelekea kasi hiyo, kuanzia kama mita 400 kwa sekunde, huanza kusumbuliwa na mawimbi ya hewa na baadhi yake hupoteza utulivu. Kwa .308 ya kawaida, risasi huingia eneo hilo kabla ya kufika mita 1,000. Washindani wa Palma, mashindano ya kulenga masafa marefu, wanaolenga hadi yadi 1,000 kwa .308 na risasi nyepesi za greni 155, kwa kawaida hutumia mitutu ya inchi 30 kwa sababu hiyo hasa: risasi ifike kwenye shabaha ikiwa bado inaishinda sauti. Lakini kama shabaha zako haziendi mbali zaidi ya mita 600, inchi 20 zinakutosha, na bunduki itakuwa rahisi kubeba, hasa ukifunga kizuia sauti mbele yake.

Na usidanganywe kwamba mtutu mrefu una usahihi zaidi kwa asili yake. Kwa unene uleule, mfupi ni mgumu zaidi na hutikisika kidogo zaidi risasi inapopita. Mrefu unakupa kasi. Usahihi unatokana na utengenezaji, risasi zinazoelewana na mtutu huo, na wewe mwenyewe.

Ukitaka kuupima mtutu wako, kwanza hakikisha bunduki haina kitu: toa magazini, angalia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) kwa macho na kwa kidole. Funga bolti, yaani kifungio cha nyuma ya chemba, ingiza ufito wa mbao taratibu kutoka mdomoni mpaka uguse uso wa bolti, weka alama pale mtutu unapoishia, utoe, upime. Chemba inahesabiwa ndani ya urefu huo. Kipunguza mteke (kifaa cha mdomoni kinachopunguza teke la bunduki) kinachofunguliwa kwa mkono hakihesabiwi.

Kisha pima kasi yako mwenyewe, usichukue namba ya kwenye boksi. Mitutu miwili ya urefu mmoja kutoka kiwanda kimoja inaweza kupishana kwa mita 15 kwa sekunde au zaidi, na mtutu mpya mara nyingi huongeza kasi kidogo katika risasi mia moja au mia mbili za mwanzo kabla haujatulia. Pima tena ukibadilisha kundi la risasi, na pima asubuhi ya baridi kisha siku ya jua kali, kwa sababu baruti yenye joto husukuma kwa nguvu zaidi. Andika halijoto kando ya kila kasi.