Mkutubi anataka kuandika habari za wanawake Wikipedia

SWALI: Dada, mambo! Mimi mkutubi hapa Tanga, nataka kujitolea jioni kuandika makala za wanawake kwenye Wikipedia ya Kiswahili, nyingi ni fupi mno, nyingine hazipo kabisa. Naogopa wataifuta kazi yangu. Nianzie wapi?

JIBU: Poa mdogo wangu, na hongera sana, kazi hiyo tunaihitaji mno! Usianze na makala mpya, chukua iliyopo uijaze, mfano ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, andika kwamba 1928 alikwenda Bombay kurekodi, halafu palepale mwisho wa sentensi weka chanzo: kitabu, mwaka, ukurasa. Hapo wewe umetuzidi wote, vitabu unavyo rafuni, sisi wengine tunahangaika na Google tu. Ila usinakili, eleza kwa maneno yako. Na wakikukatalia usikate tamaa, Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, makala ya Wikipedia kumhusu ilikataliwa 2018 eti vyanzo havitoshi, mwaka huohuo akapata Nobel! Inauma kweli. Kwa hiyo tafuta vyanzo viwili vitatu vya watu wasiohusiana na mwanamke unayemwandika kabla hujachapisha. Wenzako wapo pia, kundi la wahariri wa Wikipedia liitwalo Women in Red, tangu 2015 wanaandika habari za wanawake tu.